Huo Mpira ni Wangu

Asubuhi, ukumbi wa mazoezi wa makazi yale ya wastaafu ulikuwa na kelele kuliko shule ya chekechea. Upande wa madirisha lilikuwapo darasa la viti: watu waliokula chumvi nyingi, wameketi safu mbili, wakiinua visigino na kushusha, huku wakisengenya waliochelewa. Katikati walikuwapo wa mipira laini, wanaorushiana na kulaumiana. Kwenye kona, chini ya feni, ilisimama meza ya kijani ya mpira wa meza, na hapo hakusogea mtu bila ruhusa ya Hakimu.

Aliitwa Hakimu kwa sababu alikuwa hakimu kweli. Alipostaafu alirudisha joho, lakini ile sauti aliondoka nayo. Alikuwa mwanamke mrefu, mweusi wa kung'aa, nywele nyeupe zimekatwa fupi, miwani inaning'inia kifuani kwa uzi. Siku hiyo alivaa suti ya michezo ya zambarau na raba nyekundu. Raba hizo alijinunulia siku aliyoutupa mkongojo, miezi michache baada ya kubadilishiwa goti la kulia, na ole wake aliyemwambia kwamba nyekundu ni rangi ya wasichana.

Alikuwa akicheza na binti mwalimu wa mazoezi. Akapiga mpira kwa nguvu, ukagonga ukingo wa meza, ukaruka hadi mlangoni.

Mlangoni pale alikuwa ameingia mgeni. Mkono mmoja sanduku, mkono mwingine kikombe cha chai aliyokaribishwa nayo mapokezi. Mzee mpana wa mabega, fulana ya mistari, kofia imekaa upande. Hakuna aliyeona vizuri ilivyokuwa. Sanduku lilianguka, chai haikumwagika hata tone, na mpira ulikuwa kiganjani mwake.

Darasa la viti likasahau visigino.

"Naomba mpira wangu," Hakimu akasema.

"Ukishafika kwenye mikono hii, mama, huwa si wako tena."

"Wewe ni nani?"

"Golikipa. Timu ya posta. Zamani kidogo."

"Zamani kidogo ya lini? Kabla ya stempu?"

Ukumbi mzima ukacheka. Mgeni naye akacheka, akavua kofia, akauleta mpira mpaka mezani, akauweka taratibu mbele ya Hakimu kama mtu anayewasilisha kielelezo.

"Basi chukua, Mheshimiwa," akasema, kwa kuwa mapokezi walikuwa wameshamwonya juu ya huyo mama. "Lakini nitakuja kuudai."

"Njoo na raketi," akajibu Hakimu, na bila sababu yoyote ya maana akazirekebisha nywele ambazo hazikuwa na urefu wa kurekebishwa.

Kuanzia hapo mgeni akaitwa Kipa. Wahenga wamesema ng'ombe hazeeki maini, na aliyekuwa na shaka na msemo huo angepita tu karibu na ile meza ya kijani. Walicheza kila asubuhi. Walibishana kila pointi. Hakimu alitoa hukumu, Kipa akakata rufaa, hukumu ikathibitishwa, na mchezo ukaendelea. Saa za baada ya chakula cha mchana, wakati korido zimenyamaza na kila mtu amejilaza, simu ya Hakimu ililia.

"Umelala?"

"Nimelala. Unaongea na ndoto."

"Basi nisalimie huyo mama anayeota. Goti lake linaendeleaje?"

"We bwana! Kila siku goti, goti. Usiniulize goti. Niulize mimi."

"Haya. Wewe hujambo, Mheshimiwa?"

"Sijambo. Nilikuwa nakukumbuka." Akajirekebisha upesi. "Nilikuwa nakumbuka ulivyokosa ule mpira wa mwisho, nikacheka peke yangu."

"Umeshasema. Huwezi kufuta maneno yaliyokwisha kuingia kwenye kumbukumbu za mahakama."

"Lala, mzee."

"Nalala, laazizi."

Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Wiki haikuisha kabla darasa la viti halijajua lote, pamoja na ziada ambayo haijatokea. Binti wa mazoezi naye aliona, akafanya la busara: akawaandikisha wawili hao kushindana na makazi jirani, mwanamke na mwanamume kila upande. Michezo miwili, wa kwanza nyumbani, wa pili ugenini.

Sasa, mpira wa meza wa wawili wawili una sheria moja isiyo na huruma. Mnapiga kwa zamu. Akipiga huyu, unaofuata ni wa yule, hata uwe umeangukia mbele ya pua yako. Ukigusa mpira wa mwenzako, pointi imekwenda, hata kama umeupiga vizuri namna gani. Kwa hiyo wawili hao hawasimami. Mmoja anapiga na kupisha, mwingine anaingia, tena na tena, bila kukanyagana. Hakimu na Kipa walijifunza kupishana mpaka binti akaacha kuwapigia makofi ya kuhesabu.

Lakini kulikuwa na mtu mwingine mwenye mipango yake. Kifungua mimba wa Hakimu alikuwa daktari wa meno, mtoto mwema, mwenye kumpenda mama yake kupita kiasi. Tangu siku ya upasuaji aliapa kumtoa kwenye makazi yale na kumweka nyumbani kwake. Chumba alishakipaka rangi. Kitanda alishanunua, chenye vyuma pembeni ili mtu asidondoke.

"Mama," alisema kwenye simu, "hata wahenga wamesema, ng'ombe akivunjika guu hurejea zizini."

"Kwanza, mimi si ng'ombe. Pili, guu limeungwa. Tatu, zizi langu ni hapa."

"Ukianguka hapo ni nani atakuokota?"

"Na nisipoanguka?"

Hakimu, ambaye miaka yote alijua kwamba kimya cha upande wa pili ndicho wakati wa kupendekeza mapatano, akasema, "Njoo utazame mashindano. Ukiona mgonjwa, nafungasha mwenyewe na sitasema neno. Ukiona mchezaji, hicho chumba usinitajie tena mpaka nife."

"Umesema mwenyewe, mama."

"Nimesema."

Alipoweka simu ndipo alipoupima uzito wa maneno yake. Alikuwa ameweka rehani vitu vyote anavyovipenda: kile chumba chake chenye jua la asubuhi, ile meza ya kijani, na ile simu ya baada ya chakula. Hakumwambia Kipa. Hakutaka acheze kwa huruma.

Siku ya mchezo wa kwanza ukumbi ulijaa. Wapinzani walikuwa mke na mume, wahasibu wastaafu, waliovaa fulana nyeupe zilizopigwa pasi hadi mikunjo ikasimama. Walicheza bila tabasamu, na walikuwa wameshafanya hesabu: mipira mingi waliilenga kulia, kwenye goti jipya. Hakimu aliirudisha. Mwanawe, aliyeketi mstari wa mbele na funguo za gari mkononi, taratibu alianza kuziweka funguo mfukoni.

Wakafungana hadi pointi ya mwisho. Mhasibu mke akapiga mpira wa pembeni kabisa, mbali kulia. Ulikuwa wa Hakimu. Alikuwa ameshauona, ameshaukanyagia mguu, raketi iko njiani.

Kipa akaruka.

Lilikuwa pigo zuri ajabu. Hata wahasibu walibaki wakitazama. Lakini haikuwa zamu yake, na bega lake lilikuwa limemsukuma Hakimu, ambaye alijikuta ameketi sakafuni. Mwamuzi akainua mkono. Pointi kwa wageni, mchezo kwa wageni.

"Umeumia?" Kipa alikuwa ameshapiga magoti kando yake, uso umempauka. "Goti? Usisimame! Jamani, leteni kiti! Leteni kiti cha magurudumu!"

"Nilikuwa nimeufikia," Hakimu akasema.

"Usitikisike, mpenzi, usitikisike..."

"Nimesema nilikuwa nimeufikia!"

Kiti kikaletwa. Mwanawe akafika mbio, akamshika mama yake kwapani, na akiwa na hofu tu, wala si ubaya, akasema neno lililokata kuliko kisu. "Umeona, mama? Hata huyu anayecheza nawe kila siku anajua huwezi."

Hakimu alisimama bila kushikwa. Akajipangusa suruali. Akamtazama Kipa, na ile sauti iliyowahi kunyamazisha mawakili haikupanda hata kidogo.

"Umenihukumu bila kunisikiliza," akasema, akatoka kwa miguu yake, kiti cha magurudumu kikabaki kitupu katikati ya ukumbi.

Simu ililia baada ya chakula. Haikupokelewa. Ililia kesho yake, na siku iliyofuata. Kipa alikwenda hadi mlangoni akabisha. "Mahakama haikai leo," sauti ikajibu kutoka ndani. Alimwomba binti wa mazoezi ampelekee salamu. Zikarudi kama zilivyokwenda. Kwenye meza ya kijani wakaanza kucheza watu wengine, vibaya, na darasa la viti likainua visigino kwa majonzi.

Mwana naye akapiga simu. "Mchezo wa pili sikuzuii, mama. Lakini nitakuja na gari kabisa, ukiisha tuondoke."

"Sawa," Hakimu akasema, na hilo ndilo lililomtisha mwenyewe, kwamba alisema sawa.

Akaanza kufungasha. Vitabu, picha ya marehemu mumewe, blanketi. Alipofika kwenye raba nyekundu alikaa nazo kitandani muda mrefu, amezipakata, akilia kwa hasira. Kisha akafuta machozi na kuamua kumrudishia binti raketi ya makazi na kumwambia hataenda ugenini. Acheze na nani? Na mtu anayeliona goti tu?

Ilikuwa ile saa ya watu kujilaza. Alifika kwenye mlango wa ukumbi, akasikia mlio wa mipira, akachungulia kwenye kioo.

Kipa alikuwa amesimama kando ya meza, mikono ameifunga nyuma kwa mkanda wa mpira, ule wa kunyooshea misuli. Binti alikuwa upande wa pili na ndoo ya mipira. Alipiga mmoja, ukampita Kipa begani. Mzee akashtuka mwili mzima. Akapiga wa pili, ukampita kiunoni. Kipa akauma meno.

"Usiufuate, baba," binti akasema. "Uache uende."

"Unaenda, unaenda. Piga."

Wa tatu. Mzee akaruka kwa bega, akaukosa, nusura aanguke.

"Tunaanza upya," akasema binti.

"Tunaanza upya," Kipa akakubali, jasho linamtiririka.

Hakimu akasukuma mlango. "Mnafanya nini humu?"

Binti, ambaye hakuwa mjinga, akasema amesahau kitu mapokezi, akatoka. Kipa alibaki pale na mikono yake nyuma kama mshitakiwa.

"Najifunza kufungwa," akasema.

"Mkanda wa nini?"

"Bila mkanda nilidaka mipira yote. Na miwani ya binti."

Hakimu alijizuia kucheka, akafaulu kwa shida. "Nani amekutuma?"

"Hakuna. Mheshimiwa, naomba kusema. Siku ile hukunipa nafasi, na ilikuwa haki yako. Leo nipe."

Hakimu akavuta kiti kimojawapo cha darasa la viti, akaketi. "Sema."

"Mke wangu aliugua kwa miaka. Mwishoni alikuwa akianguka bila taarifa. Jikoni, bafuni, hapo mlangoni. Nikajifunza kumdaka. Mkono ukawa unakwenda kabla kichwa hakijajua. Siku moja nilitoka kwenda kununua mkate. Nikarudi nimechelewa." Akavuta mkono ndani ya mkanda. "Tangu hapo mkono huu haujatulia. Mtu akidondosha kijiko, nadaka. Wewe ulivyoinama siku ile, sikuuona mpira. Sikuliona goti pia. Niliona sakafu. Sikufikiri kwamba huwezi. Niliogopa, basi. Nakupenda, nikaogopa. Nisamehe."

Feni ilizunguka juu yao. Hakimu aliinuka, akaenda nyuma yake, akaanza kuufungua ule mkanda. Binti alikuwa ameukaza vizuri.

"Pole sana," akasema taratibu. "Pole kwa mke wako, na pole kwa mkate ule. Lakini mimi si yeye, Kipa."

"Najua."

"Na mimi nami nina la kusema." Akamwambia yote: mapatano na mwanawe, kitanda chenye vyuma, gari litakalokuja. Kipa alisikiliza, akajishika kichwa.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungecheza kwa huruma."

"Ningecheza kwa hofu mara mbili. Ulifanya vyema."

"Basi sikiliza masharti. Nikianguka, nimeanguka mimi. Ukiona niko chini nimenyoosha mkono, nishike. Nisiponyoosha, usiniguse."

"Na usiponyoosha kabisa?"

"Ujue napumzika."

Hapo wakacheka wote wawili, na Hakimu akaichukua raketi aliyokuja kuirudisha. "Hukumu ya awali imebatilishwa," akasema. "Kesi inasikilizwa upya ugenini. Anzisha, mzee, jioni inakuja."

Makazi jirani yalikuwa na ukumbi mkubwa zaidi na meza mpya ya buluu. Darasa la viti lilikodi basi zima. Mwana alifika na gari, maboksi matupu kwenye buti, akaketi mstari wa mbele na funguo mkononi. Hakimu alivaa suti ileile ya zambarau na raba zilezile nyekundu, zimesuguliwa zikawaka. Kipa alivaa fulana ya zamani ya timu ya posta, ya kijani iliyopauka, ambayo kitambi kiliinyanyua mbele. "Umependeza," Hakimu akamnong'oneza. "Kama barua iliyochelewa." Akacheka, na mabega yake yakashuka.

Wahasibu hawakuwa wamebadili hesabu. Kulia, kulia, kulia tena. Hakimu akarudisha, akapisha; Kipa akaingia, akapiga, akapisha. Kuna wakati walipishana vizuri hata bibi mmoja wa darasa la viti akasema kwa sauti, "Hawa wanacheza ngoma au mpira?" Pointi zikafukuzana. Mhasibu mume akaanza kumkaripia mkewe kwa macho. Wakafika tena palepale walipofika siku ile: pointi moja, na mshindi.

Kipa akaanzisha. Mpira ukaenda na kurudi, ukaenda na kurudi. Kipa akapiga. Mhasibu mke, bila huruma, akaupeleka mbali kulia, mbali kuliko siku ile, ukagusa ukingo na kuchepuka kuelekea sakafuni.

Kila mtu aliliona bega la Kipa likiondoka.

Kisha walimwona akiirudisha mikono nyuma, akaishika mmoja kwa mwingine kwa nguvu zote, akarudi hatua kumpa nafasi. Uso wake ulikuwa wa mtu anayetazama nyumba ikiungua. Lakini alipisha.

Hakimu akaenda. Aliukanyaga mguu wa kulia kwa uzito wake wote, akakunja goti jipya chini kabisa, raketi karibu na sakafu, akauinua mpira. Ukapanda polepole, ukagusa wavu juu, ukasita, ukadondoka upande wa pili. Mhasibu mume alinyoosha mkono, akashika hewa.

Ukumbi ulilipuka. Darasa la viti lilisimama lote kwa mara moja, jambo ambalo binti wa mazoezi alikuwa ameshindwa kulifanikisha mwaka mzima. Binti mwenyewe alikuwa akiruka na kulia. Na sauti iliyopaa kuliko zote ilikuwa ya daktari wa meno, amepanda juu ya kiti, akipiga kelele, "Mama! Mamaaa! Huyo ni mama yangu!"

Hakimu alikuwa bado ameinama, mkono mmoja kwenye meza. Akamtazama Kipa. Akanyoosha mkono. Ndipo Kipa akaja akaushika, akamwinua, na hawakuachana tena mikono.

Mwana alifika anahema. "Mama, nimeona mchezaji."

"Rudia, wengine hawajasikia."

"Nimeona mchezaji! Chumba nitakifanya ofisi."

"Ulikipaka rangi gani, hebu?"

"Kijivu."

"Ungeniua, mwanangu." Akamkumbatia kwa mkono uliokuwa huru. "Zizi ninalo. Na lina mlinda mlango."

Mwana akamgeukia Kipa, akasita kidogo, kisha akampa mkono kwa heshima. "Shikamoo, baba."

Neno hilo la mwisho lilimwingia Kipa hadi kifuani. Aliitikia marahaba, akavua kofia, akajipangusa uso. Akamgeukia Hakimu. Darasa la viti, lenye uzoefu na mambo hayo, likasogea karibu lisikose neno.

"Mheshimiwa," akaanza, "kuna jambo ambalo kwa siku nyingi nimekuwa nikitaka..."

"Ngoja."

"Nimalizie tu..."

"Ngoja, bwana. Nani alikuwa wa kwanza kupiga simu?"

"Mimi."

"Nani aliyeomba radhi kwanza?"

"Mimi."

"Nani aliyeanza kusema anampenda mwenzake?"

"Mimi," Kipa akasema, sasa anatabasamu.

"Basi huo mpira ni wangu. Usiuguse."

Kipa akafunga mdomo. Akaipeleka mikono nyuma, akarudi hatua moja, akampisha.

Hakimu akavaa miwani ili amwone vizuri. Sauti, ile iliyokuwa haijawahi kumtetemeka mahakamani, ilimtetemeka. "Mimi, mwenye akili timamu na goti moja jipya, nimechoka kuzungumza nawe kwa simu wakati chumba chako kiko korido ya pili. Nakupenda. Nataka tuoane. Una lolote la kujitetea?"

Mzee wa watu, aliyetumia maisha yake yote kuzuia, alisimama pale na mikono yake nyuma, machozi yanamshuka mpaka kwenye fulana ya posta, wala hakujaribu kuyadaka.

"Goli," akasema.